Nondo wa Mikwezu

Jicho lilihitaji sekunde moja kumhukumu nondo yule, na Mkurugenzi Elinazi Kisamo aliona hata hiyo sekunde ilikuwa adabu ya ziada.

"Umeona mwenyewe," alisema, akimsogezea Dokta Zaujia Shekigenda kioo cha mkononi kilichoonyesha hukumu hiyo. Juu yao Jicho lenyewe, mashine nyeusi isiyozidi ukubwa wa popo, lilielea kimya mbele ya tawi. "Nondo mla mbegu. Kazi nyingine hana. Pendekezo: afutwe. Weka saini hapa, Dokta, unywe chai, jioni uko kwako."

Zaujia hakukitazama kioo. Alimtazama nondo. Alikuwa ametua chini ya jani la mkwezu, mdogo kama punje ya mchele, mabawa ya rangi ya jivu yamekunjwa juu ya mgongo kama paa la kibanda.

"Yai lake umeliona?" aliuliza.

"Yai la nani?"

"La huyu. Anataga wapi? Kiwavi wake akishatoka kwenye tunda anakwenda wapi? Anakuwa pupa wapi, na kwa muda gani?"

Kisamo aliwageukia maofisa wawili aliofuatana nao. Alicheka, nao wakacheka kwa sababu mkubwa amecheka.

"Dokta, sisi hatutaki kumuoa. Tunataka kumfuta."

"Basi mtasubiri," alisema Zaujia. "Hata kumfuta mtu ni lazima ujue anaishi wapi."

Sheria ilikuwa upande wake, na hilo ndilo lililomuuma Kisamo. Kifutio kilipokuwa kipya, watu walikishangilia kama mvua ya kwanza. Ni ukungu tu. Unapulizwa asubuhi, hauna harufu, haumdhuru mtu wala ndege. Ndani yake mna kirusi kilichofundishwa kumtambua kiumbe wa aina moja tu, na kiumbe huyo akiuvuta, mayai yake hayaanguliwi tena. Hakuna mizoga, hakuna kelele. Msimu unaofuata hayupo, kama ambaye hajawahi kuwapo. Walianza na aina moja ya usubi aliyekuwa akiwauma watu mabondeni, na baada ya kumfuta ndipo wakulima wa kakao walipogundua kwamba miti yao haizai tena, maana usubi yule ndiye aliyekuwa akibeba chavua ya maua yao. Kukawa na maandamano, kukawa na tume, na mwishowe ikatungwa sheria: kiumbe yeyote asifutwe mpaka mtambuzi, binadamu mwenye macho, ameuona mzunguko wake wote wa maisha na kutia saini.

Watambuzi wengine walikuwa wakitia saini kwa simu, wakiwa harusini, wakiwa saluni. Zaujia aliwadharau hao kuliko alivyomdharau Kisamo. Kusema kweli, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye dharau ilikuwa imemkaa kama miwani: aliyaona mambo yote kupitia humo, na mara nyingi aliyaona sawasawa.

Kisamo alishuka mlimani akiwa amenuna. Zaujia alibaki katika kituo cha zamani cha misitu, nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, pembeni mwa Msitu wa Kwemzindo.

*

Mikwezu haikuwa miti ya kutazamwa. Shina limepinda, majani ya kawaida, maua ya kijani madogo yasiyovutia hata nzi. Lakini mbegu zake ndizo zilizotoa kwezina, na kwezina ndiyo iliyowaweka hai wenye figo za jua.

Ugonjwa huo uliletwa na joto. Tangu mabonde yalipoanza kuchemka, watu waliofanya kazi nje, wavuna chumvi, wachimba mitaro, wapakia mizigo, figo zao zilikauka kidogo kidogo kama maharage juani. Bila kwezina mtu alivimba miguu, akavimba uso, akafa. Serikali ilipanda mikwezu kule chini, shamba lisiloonekana mwisho wake, likamwagiliwa maji kwa mabomba. Miti ilinawiri. Ilichanua. Haikuzaa tunda hata moja. Wataalamu walilaumu udongo, wakabadilisha udongo. Walilaumu maji, wakabadilisha maji. Mikwezu iliendelea kuchanua na kupukutisha maua yake, na wao waliendelea kulipwa posho.

Kwa hiyo mbegu zote zilitoka Kwemzindo, na kwa ajili hiyo tu Kwemzindo ilikuwa bado imesimama. Kila msitu ulipimwa na Mizani, mashine kuu ya mipango ya ardhi, na msitu usiokuwa na kazi ulikatwa ili wapewe makazi wale wanaolikimbia joto. Kwemzindo ilikuwa na kazi. Ila kila tunda la mkwezu lina mbegu sita, na kiwavi wa nondo yule alikula mbili. Mbegu mbili kati ya sita! Kisamo alilisema jambo hilo kwenye kila mkutano, akiinua vidole viwili kama mtu aliyeibiwa mke na mwana.

Zaujia aliagiza visanduku vya wavu vya kufugia nondo. Ombi lilipitia kwenye mfumo wa vifaa, na wiki iliyofuata lori likapanda mlima likihema, limebeba nondo za chuma, zile za kujengea, milimita kumi na mbili.

"Umesaini wewe," dereva alimwambia, akimwonyesha karatasi.

"Shusha," alisema Zaujia. Mashine iliyojigamba kuwajua viumbe wote wa nchi ilikuwa imeshindwa kutofautisha mdudu na chuma. Alifurahi kiasi cha kuimba. Alizichimbia zile nondo ardhini kuizunguka mikwezu kadhaa, akatundika juu yake vyandarua vya kawaida alivyonunua gulioni, na kazi ikaanza.

Katika miti mingine alifunika matawi kabla maua hayajafunguka, nondo wasiingie. Katika mingine alifunika matawi akiwa amewafungia nondo ndani. Kisha akaketi kwenye kigoda na kutazama.

Jua lilipozama nyuma ya kilima maua yalianza kunuka, harufu hafifu ya ndizi iliyopitiliza kuiva. Nondo jike alitoka chini ya jani. Alikwenda kwenye ua dume, akakunjua mrija wa mdomo wake, akaanza kuuzungusha kwenye chavua, huku na huku, kwa subira, kama mtu anayekoroga uji usishike chini. Hakuwa akinywa. Mrija ulipokuwa umejaa unga wa njano aliruka mpaka kwenye ua jike, akautumbukiza katikati ya ua, akausukuma, akausukuma tena. Ndipo akageuka na kutaga yai moja, dogo kuliko nukta.

Nyuki hujipaka chavua bila kujua, akitafuta chakula chake. Huyu hakuwa amejipaka kwa bahati. Huyu alikuwa akipanda. Alilipanda shamba, kisha akamwacha mwanawe ndani yake ale sehemu na kubakiza sehemu.

Zaujia alingoja majuma mengi ndipo akajiruhusu kuamini. Matawi yaliyofungiwa bila nondo yalipukutisha maua yote. Matawi yenye nondo yalifunga matunda. Kila tunda mbegu sita, mbili za kiwavi, nne salama. Kiwavi akishashiba alitoboa ganda, akajiteremsha kwa uzi mwembamba mpaka chini, akapotea kwenye majani yaliyooza.

Hapakuwa na nondo wa mikwezu kule bondeni. Ndiyo maana shamba kubwa halikuzaa. Udongo haukuwa na kosa lolote.

Zaujia alicheka peke yake mpaka ndege wakaruka. Miaka yote ile ya wataalamu! Walikuwa tayari kumfuta mdudu pekee aliyekuwa akiwafanyia kazi, kwa kosa la kula chakula chake cha mchana.

*

Kicheko kilikatika alipoanza kufikiri litakalofuata.

Akisaini, nondo anafutwa, na mbegu za kwezina zinakwisha duniani. Hilo halikuwa la kujadili. Lakini akisema kweli, Kisamo atawabeba nondo awapeleke bondeni. Shamba litazaa, wagonjwa watapona, na siku hiyo hiyo Mizani itaupima upya Msitu wa Kwemzindo na kuukuta hauna kazi. Misumeno itapanda. Chemchemi zinazotoka mle zitakauka. Yote yaliyomo, vinyonga, uyoga, vyura wasio na majina, yatakwenda, na hakuna atakayeyaulizia, kwa kuwa hayatengenezi dawa.

Ilikuwapo njia ya tatu. Angeweza kusema tu kwamba hajamaliza. Mtambuzi hawezi kulazimishwa kumaliza. Nondo angebaki, msitu ungebaki, na upungufu wa dawa ungebaki.

Aliichagua hiyo ya tatu, na kwa muda ilimkaa vizuri. Kisha Mwenyekiti wa kijiji, Ruzuna Shemahonge, akaja kituoni.

Alikuwa mwanamke mrefu, rika moja na Zaujia, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Hakukaa alipokaribishwa.

"Dokta, watu wanasema unamlea yule mdudu. Nimekuja kuona kwa macho yangu, nakuta umemjengea nyumba ya chandarua. Watoto wangu mimi hawana chandarua kizuri hivi."

"Ni kazi yangu, Mwenyekiti."

"Mdogo wangu Mbaruku yuko bondeni kwenye chumvi. Ana figo za jua. Dozi yake imekatwa nusu, kwa kuwa mbegu hazitoshi. Jana amenipigia simu, sikuitambua sauti yake. Sasa niambie, huyo mdudu wako unamtazama mpaka lini?"

Zaujia alikuwa na jibu tayari, kali, la kumrudisha mtu alikotoka. Alikuwa amewajibu hivyo wakurugenzi na wabunge. Lakini mwanamke huyu hakuwa amekuja kujionyesha. Alikuwa amekuja na mdogo wake. Zaujia alijikuta akimweleza yote: ua, mrija, chavua, shamba la bondeni, Mizani.

Ruzuna alisikiliza mpaka mwisho, na hapo ndipo alipokaa.

"Kwa hiyo ukisema, Mbaruku anapata dawa."

"Baada ya msimu mmoja tu, shamba likizaa."

"Na msitu unakatwa."

"Unakatwa. Nawajua hawa watu. Na maji yenu yanatoka humo."

"Na ukinyamaza?"

Zaujia aligeuka akakitazama chandarua.

"Wewe Dokta unatudharau," alisema Ruzuna, bila hasira. "Usiniambie hapana. Umekaa hapa umejipangia kwamba wote tutafanya ujinga, basi heri tusijue. Pengine ni kweli tutafanya. Lakini mimi msitu nitaupigania nikiwa na watu. Nikishawazika, nitaupigania na nani? Na hawa nondo wako?"

Akaondoka. Zaujia alibaki akitafuta kosa katika maneno yale, kwa kuwa alikuwa hodari wa kutafuta makosa, na hakuliona.

*

Alishuka bondeni na kumweleza Kisamo ofisini kwake, katika chumba chenye baridi ya kutengenezwa kiasi kwamba katibu wake alivaa sweta.

Mwanzoni Kisamo alisikiliza huku akisoma mambo mengine kwenye kioo. Zaujia alipofika kwenye chavua, aliacha kusoma. Alipofika kwenye yai, alisimama. Uso wake ulipitia mshangao, kisha hesabu, kisha furaha, haraka kama mtu anayepekua kurasa.

"Kwa hiyo ni suala la kuwahamisha tu," alisema.

"Si la kuwahamisha tu. Nimeona yai na kiwavi. Hatua ya pupa sijaimaliza. Wale waliokuwa pupa bado hawajatoka, na mpaka nijue..."

"Dokta, Dokta! Umefanya kazi kubwa sana. Hayo mengine utayaweka kwenye ripoti." Tayari alikuwa anapiga simu. "Pupa hawali mbegu, au wanakula?"

"Hawali kitu."

"Basi wana shida gani?"

Waswahili wamesema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Huyu alikuwa na pupa kiasi cha kushindwa hata kumsikia pupa mwenyewe akitajwa. Zaujia alivitazama viatu vya Kisamo vinavyong'aa, akaona hakuna sababu ya kurudia. Akaondoka bila kuaga.

Mambo yalikwenda kama alivyotabiri. Mashine za kuvuta upepo zilipandishwa Kwemzindo, zikawanyonya nondo kutoka kwenye majani kama vumbi kwenye zulia. Mabango yalibandikwa yenye picha ya Kisamo akimtazama nondo, ambaye katika picha alikuwa kipepeo wa njano kutoka nchi nyingine kabisa. Kule bondeni mikwezu ikafunga matunda kwa mara ya kwanza. Watu walilia shambani. Hata mahindi hayajawahi kuliliwa hivyo.

Na Mizani ikatoa taarifa yake, fupi: *Msitu wa Kwemzindo. Kazi: hakuna. Uandaliwe kwa makazi.*

Ruzuna aliwakusanya wanakijiji wakakaa barabarani. Misumeno ilisimama upande wa pili, ikisubiri tarehe.

*

Katika siku hizo ndipo Zaujia aliposafisha chumba chake cha kazi na kuyafungua makopo.

Viwavi waliojiteremsha kutoka kwenye matunda alikuwa amewagawa makundi mawili. Baadhi aliwaweka ndani ya nyumba, kwenye makopo yenye pamba safi. Wengine aliwaacha nje, kwenye mifuko aliyoishona kwa chandarua, iliyofukiwa ndani ya majani ya msituni. Wote walikuwa wamejisokotea vifukofuko, wakawa pupa.

Wa ndani walikuwa wamekufa. Alivifungua vifukofuko kwa wembe, kimoja baada ya kingine: ngozi tupu, makapi makavu ya hudhurungi. Paa la bati lilikuwa limewachemsha.

Alitoka nje na kupekua majani. Huko chini kulikuwa na unyevu na baridi kama ndani ya mtungi, na nyuzi nyeupe za ukungu wa kuvu zilikuwa zimeviparamia vifukofuko bila kuvidhuru. Mbele ya macho yake pupa mmoja alipasuka mgongoni. Akatoka nondo mnyonge, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilicholowa. Alipanda kwenye ncha ya jani, akatulia, mabawa yakajazwa polepole mpaka yakanyooka. Mikwezu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuchanua.

Huo ndio uliokuwa mzunguko mzima. Msimu mzima wa baridi na ukungu wa mlimani, chini ya majani ya msitu huu, ndipo pupa alipokuwa nondo. Bondeni ardhi iliunguza nyayo. Nondo waliohamishwa walikuwa wamechavusha maua ya mwaka mmoja. Watoto wao walikuwa wakioka udongoni wakati huo huo, na mwaka ujao shamba lisingekuwa na nondo hata mmoja. Na kama msitu ungekatwa, wasingekuwapo popote.

Zaujia alikaa chini, kwenye majani yale yale, akaionja hali hiyo. Kisamo ataaibika. Ataaibika mbele ya nchi nzima, chini ya mabango yake, katikati ya miti isiyo na tunda. Ilikuwa tamu. Alijua hakuhitaji kufanya lolote ili itokee. Alihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza mbele ya mjinga alikuhesabu kuwa heshima yake.

Kisha akamkumbuka Mbaruku, ambaye hakuwahi kumwona, na ambaye kwa mujibu wa dada yake alikuwa ameanza kula ugali.

Alimpigia Kisamo. Simu ilipokelewa na sauti ya mashine iliyomshukuru kwa mchango wake. Alipiga tena. Alituma picha. Alituma ripoti yenye maneno mekundu. Siku zilipita na tarehe ya misumeno ikasogea. Akaelewa kwamba kumwambia mtu yule amekosea ni sawa na kumwagia maji bata. Kisamo hangesikia jambo ambalo hakulisema mwenyewe.

*

Alimkuta shambani, chini ya mikwezu, amezungukwa na wageni. Jua lilikuwa linapiga kama nyundo. Zaujia alikuwa ameshika trei mbili zilizofunikwa kwa kitambaa, na usoni alikuwa amevaa kitu ambacho hakuwahi kukivaa maishani: unyenyekevu.

"Mkurugenzi, shikamoo," alisema.

Kisamo, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, aligutuka. "Marahaba... Dokta! Karibu. Unasemaje?"

"Nimekwama. Nimekuja kuomba msaada wako." Kila neno lilipita kooni kama mwiba wa samaki. "Nina pupa hapa siwaelewi. Nikasema, aliyeona haraka habari ya kuwahamisha nondo ndiye atakayeliona na hili."

Wageni walimtazama Kisamo. Kisamo akaiondoa miwani yake ya jua.

Zaujia alifunua trei ya kwanza. "Hawa niliwaweka ndani, kwenye joto. Wamekufa." Akafunua ya pili, ambayo alikuwa ameifunika majani mabichi na barafu njia nzima. Nondo wawili walikuwa wakitembea juu ya vifukofuko vilivyopasuka. "Hawa niliwaacha chini ya majani ya msituni. Wamekuwa nondo. Sijui ni kwa nini."

Kisamo aliinama. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili. Zaujia alisubiri. Aliwahi kungoja mayai yaanguliwe, aliwahi kungoja mvua, lakini kungoja wazo lizaliwe kwenye kichwa kile kulikuwa kazi nzito kuliko zote.

"Joto," alisema Kisamo hatimaye.

"Joto?"

"Si unaona? Hawa wamepata baridi, hawa wamepata joto. Ni baridi, Dokta! Hawa wadudu wanataka baridi!"

"Kumbe," alisema Zaujia. "Na hapa bondeni je, Mkurugenzi? Udongo wa hapa..."

Alimwona akigeuka taratibu kuutazama udongo wa shamba lake, uliopasuka kwa ukame kati ya mabomba. Alichutama, akafukua kwa kidole chini ya mti, akatoa kifukofuko, akakibonyeza. Kikavunjika kuwa unga.

"Kuna friji," alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Tutawaweka kwenye friji."

"Ni wazo zuri," alisema Zaujia, na akamwachia pupa wachache wa kujaribia.

Friji ziliwaozesha wote. Pupa waligeuka uji mweusi, kwa kuwa baridi pekee haikutosha. Zilihitajika zile kuvu za msituni kuwalinda na uozo, na kuvu hizo hazikuota kwenye plastiki. Zaujia alikuwa akilijua hilo. Alimwacha alijue mwenyewe, na safari hii hakumwacha kwa dharau peke yake. Alikuwa ameona kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya jambo kukaa kichwani mwake.

Siku chache kabla ya tarehe ya misumeno, Kisamo aliita waandishi wa habari na kutangaza ugunduzi wake. Alisema aliushuku siku zote. Alisema msitu ni mama, maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia kinywani mwake. Mizani ililishwa takwimu mpya ikatamka, bila haya wala kumbukumbu: *Msitu wa Kwemzindo. Kazi: kitalu cha taifa cha nondo wa mikwezu. Usiguswe.*

Watu wa Ruzuna waliinuka barabarani, wakajipangusa vumbi, wakaenda kulima.

*

Ilibaki saini. Sheria ilitaka kiumbe aliyekamilika kutambuliwa apewe jina na maelezo, na jina lilikuja kutoka ofisini limekwisha kuamuliwa: Nondo wa Kisamo.

Ruzuna alipanda mpaka kituoni alipozisikia habari hizo. Alikuwa na Mbaruku, mtu mwembamba aliyetembea na fimbo, lakini aliyetembea. Mbaruku alimsalimia Zaujia na kukaa kivulini. Hakuwa na la kusema, na Zaujia alishukuru, maana hakuwa hodari wa kupokea shukrani.

"Nasikia amempa jina lake," alisema Ruzuna, akifura. "Na wewe umekubali?"

"Jina ni lao. Maelezo ni yangu," alisema Zaujia. "Nisikilize kama nimekosea."

Akamsomea:

"Nondo wa Kisamo. Kichwa ni kidogo ukilinganisha na mwili. Hupenda mwanga. Katika ujana wake hula mali aliyoikuta imeandaliwa, akishashiba hujiteremsha na kupotea. Hawezi kustahimili joto. Hana faida kwa yeyote mpaka anyamazishwe chini ya ardhi kwa muda mrefu."

Ruzuna aliziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yalitikisika, na Mbaruku kule kivulini akainua kichwa kuuliza kuna nini.

"Atakufukuza kazi," alisema Ruzuna, alipoweza kusema.

"Kwa kosa gani? Kila neno ni la kweli. Nenda kawatazame mwenyewe."

Akatia saini. Kisamo aliyasoma maelezo yale mara mbili, akayasifu kwa ufasaha wake, akaamuru yachapishwe kwa herufi kubwa na kuwekwa kwenye fremu ya kioo, ukutani nyuma ya kiti chake, ambako kila mgeni aliyeingia ofisini aliyasoma kwanza ndipo akamtazama yeye.